Kiti ya Mugeni ku Bungulu

Hii habari nilipewa na Abigaïl, mama ya Jokébed, ile siku ya posho, jumamosi, yenye mvua ilitukamata kwake tukichagua maharagi. Maji ilikuwa inachemka, maharagi haijaisha, na Abigaïl alikuwa anacheka yeye mwenyewe. Nikamuuliza, "Mama Abigaïl, unachekea majiwe ao maharagi?" Akajibu, "Nachekea kiti." Njo akaanza kunieleza. Mie naandika vile alieleza, na mahali pale alisahau, nilimuuliza Jokébed mwenyewe.

Jokébed ni binti yake wa pili, na kazi yake ni kuendesha pikipiki. Habebi batu, anabeba koli, mizigo ya kutumwa. Ku Butembo kuko agence moja, jina yake Fika. Ukiwa na kitu ya kutumia ndugu yako ku Beni, unaipeleka kwao, banaifunga mu sachet, mufuko ya manjano, banakaza fundo yao, na motard, mwenye pikipiki, anaifikisha mpaka ku mulango ya ule ndugu. Kisha anapiga foto na simu na kuituma ku biro. Ile foto banaiita preuve. Bila preuve, koli haikufika, hata kama ilifika.

Preuve iko na sheria yake: koli unaiweka chini mbele ya mulango, mulango ionekane muzuri, unapiga, unaenda. Ananie, motard mukubwa wa pale, alikuwa anafikisha koli kumi na tano mbele ya saa sita ya muchana. Lakini Jokébed alilelewa na Abigaïl, na mu nyumba ya Abigaïl, kitu ya kupewa haiwekwe chini. Chini kunawekwa chakula ya kuku. Mutu akikuletea kitu toka mbali, unasimama, unapokea na mikono mbili. Kama mikono yako iko na kazi, unatoa kiti, na ile kitu inakaa juu yake kama mugeni.

Kwa hiyo Jokébed, kila mulango yenye alifika, alikuwa anaita, "Hodi! Muniletee kiti!" Na foto zake zote zikawa foto za viti: kiti ya plastiki, kiti ya mbao, kigoda ya jikoni, mara moja hata ile kiti ya fundi wa viatu, gundi ikiwa bado juu. Ku biro bakamuita Dada Kiti.

"Dada Kiti," Ananie alikuwa anamwambia, "leo ulifikisha ngapi, ao ulikaa tu?"

"Yaya Ananie, kaka yangu, mie nafikisha. Wewe unaangusha."

Chef Kitsa, mwenye agence, alikuwa anatikisa kichwa. "Jokébed, mulango njo iko na adresi. Kiti haina adresi."

"Ndiyo, chef," anajibu. Kesho yake, kiti ingine.

Sasa, siku moja ya posho, bakamupatia kaboîte, kasanduku kadogo. Mwenye kuituma ni Ézéchias, ule anauza misumari na mabati ku Butembo, mutu mwenye kutumia Fika mizigo kila juma. Mwenye kupokea ni mama yake, Mukaka Jemima, kule Bungulu, ku Beni. Mukaka ni nyanya kwa Kinande, na avenue yote inamuita vile, hata bazee.

Mvua ilimupiga Jokébed toka Maboya mpaka Beni. Alipofika Bungulu, njia ya kuingia ku parcelle, kiwanja ya Mukaka, ilikuwa tope ya kuteleza kama sabuni. Akaacha pikipiki ku barabara, kwa mama mwenye kuuza mafuta. Akavua casque ya kichwa na gilet ya kazi, akafunga kitambaa ku kichwa, sababu haifai kuingia kwa mutu mukubwa na casque kama mutu wa vita. Akaingia na miguu, sachet ya manjano mu mikono.

Alimukuta Bénite, muke wa ndugu mudogo wa Ézéchias. Bénite alikuwa anapiga bukari, ugali ya kwetu, mikono yote mbili ku mwiko, mutoto analia ku mugongo, moshi mu macho.

"Hodi, mama. Niko na kitu ya Mukaka Jemima."

"Karibu. Ameenda kusalimia mugonjwa," Bénite akasema bila kugeuka. "Weka pale ku kiti, pamoja na zingine. Mungu akubariki!"

Ku baraza kulikuwa kiti kubwa ya mbao, na juu yake kikapo ya maharagi na boga moja. Jokébed akasogeza boga, akaweka sachet katikati, akarudi nyuma mpaka karibu ya jiko, akapiga foto. Aliona kiti imejaa vitu, lakini hakujiuliza sababu. Barabara ya kurudi Butembo, saa kumi ikipita, iko na hatari, haina mutu. Kila motard anajua. Akaaga, akaenda.

Siku ya kwanza, jumatatu asubuhi, Ézéchias akaingia ku biro ya Fika na hasira mbele yake kama taa ya gari.

"Chef Kitsa! Koli ya mama yangu iko wapi?"

"Ilifika, Papa Ézéchias. Preuve iko."

"Ilifika wapi? Jana magaribi nilipigia mama simu. Anasema hakuona kitu. Nikapigia Bénite, shemeji yangu. Anasema siku ya posho hakuna motard alikuja kwao. Balikuja tu bamama ba kanisa."

Chef akafungua foto, akamuonyesha. Ézéchias akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni nini? Boga? Maharagi? Chef, hii ni foto ya soko! Mulango iko wapi? Mama yangu iko wapi? Na hii kiti, mie siijue. Nilizaliwa mu ile nyumba, najua kila kiti. Hii haiko ya kwetu."

Ananie, mwenye maneno kila siku, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Jokébed," Chef Kitsa akasema polepole, "nilikuambia mara ngapi?"

"Chef, niliipeleka. Niliiweka na mikono yangu."

"Mikono yako haiko mu foto. Lakini utanielewa: mutu akipoteza koli, anaacha gilet na ufunguo ya pikipiki ku meza, na sura yake inapachikwa ku mulango ya agence, client bote bamujue. Njo sheria."

Mwenye hajue Butembo, nimuambie. Huu ni muji ya biashara. Hapa mutu anaweza kupoteza nyumba na kujenga ingine. Lakini akipoteza jina, hata chumvi ya deni hapewi. Jokébed aliona mu mawazo sura yake pale ku mulango, karibu ya kalendari, batu banapita na kunyosha kidole: huyu njo mwizi, binti ya Abigaïl, ule wa koro, kwaya ya bamama. Akasogea mpaka ku meza ya chef.

"Chef, unipe siku moja. Kesho twende Beni sisi bote, na Papa Ézéchias. Kama ile kiti haiko kwa Mukaka, nitavua gilet pale pale, na nitarudi Butembo na miguu."

"Mie niko na duka," Ézéchias akasema.

"Ndiyo, papa. Samahani kukuuliza: mara ya mwisho kukaa kwa mama yako ilikuwa lini?"

Ézéchias akakaza kravati yake. "Yeye njo anapandaka kwangu," akasema. Kisha akasema, "Basi, kesho."

Ile magaribi Jokébed alieleza mama yake yote. Abigaïl hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Uliiweka juu ya kiti?"

"Ndiyo, mama."

"Haukuiweka chini?"

"Hapana, mama."

"Basi kula, ulale. Kiti itajibu."

Kesho yake bakashuka. Jokébed alibeba Ézéchias, Ananie alibeba Chef Kitsa. Ézéchias, mutu munene na kravati, alikuwa ameshika chuma ya nyuma na mikono mbili, na kila kona anafunga macho. Pale Kalunguta, bamama ba ndizi bakacheka mpaka bakaegemeana.

"Papa, ni nani alikutumia? Banakupeleka wapi, hivi umefungwa kama koli?"

"Tukifika," Ananie akapaza sauti, "tutamuweka chini mbele ya mulango, tumupige foto!"

Hata Chef Kitsa alicheka. Ni Jokébed tu hakucheka. Mu kichwa yake alikuwa na kiti, hakuna kitu ingine.

Bakafika Bungulu. Tope ilikuwa imekauka. Bakaingia mu parcelle, Jokébed mbele. Akatazama ku baraza.

Baraza ilikuwa tupu. Hakuna kikapo, hakuna boga, hakuna kiti. Kuku mumoja alikuwa anatembea pale kama mwenye nyumba.

"Eeh," Ézéchias akasema. "Kiti iko wapi, binti?"

Chef Kitsa akanyosha mukono kuomba gilet. Jokébed akashika fermeture, zipu ya gilet yake, akaanza kuishusha. Aliniambia ile sauti ya fermeture aliisikia mpaka mu meno.

Pale pale Bénite akatokea nyuma ya nyumba na beseni ya nguo. Kuona Ézéchias, akaangusha beseni.

"Yesu! Shemeji! Ni weye kweli? Na bageni! Na munasimama mu jua! Mungoje, mungoje, batu batasema nini!"

Akakimbia ndani. Banasikia anasukuma vitu, anavuta, anapumua. Akatoka kinyumenyume akikokota kiti kubwa ya mbao, ile yenye haikai inje kila siku, ile ya bageni. Akaipangusa na kikwembe, kitenge yake, akaiweka ku baraza, mahali pake, akamushika Ézéchias mukono: "Kaa, shemeji. Weye njo mukubwa wa nyumba. Kaa!"

Ézéchias akakaa. Na Jokébed akatazama muguu ya kiti, ule wa kuume, mbele. Ilikuwa imevunjika zamani, imefungwa na mupira mweusi wa ndani ya tairi, mara tano, fundo inje.

Akapandisha fermeture mpaka ku shingo.

"Papa Ézéchias," akasema, "tafazali usisimame."

Akarudi nyuma mpaka karibu ya jiko, mahali pale pale alisimama siku ya posho. Akapiga foto. Kisha akaenda kwa Chef Kitsa, akamuonyesha ya kwanza, akamuonyesha ya pili, ya kwanza tena, ya pili tena. Ile muguu na mupira wake. Ile nanasi fundi alichora juu kabisa ku mugongo ya kiti, jani moja limekatika. Nyuma yake, ule ufa wa ukuta wenye kupinda kama muto Semuliki.

"Chef," akasema, "koli ilikaa pale kwenye papa anakaa."

Chef Kitsa akachukua simu, akaenda mwenyewe kugusa ule ufa na kidole. Ananie akapiga muluzi mpaka kuku akaruka. Na Ézéchias, akikaa juu ya preuve, hakujua atazame wapi.

"Bénite," akasema, "ulisema hakuna motard alikuja!"

"Motard gani?" Bénite akamutazama Jokébed, gilet, casque, kisha sura. Akaweka mikono ku kinywa. "Mama wee! Kumbe ni weye, dada wa kitambaa! Lakini siku ya posho weye haukuwa motard! Ulikuja na miguu kama mama wa koro!"

Hapo yote ikafunguka. Mukaka Jemima njo mukubwa wa bamama ba kanisa ku ile avenue. Kila siku ya posho, majirani banamuletea malimbuko yao, maharagi, ndizi, mayai, kila kitu mu kikapo yake ao mu sachet, na banaiweka juu ya kiti ya bageni, sababu kitu ya Mungu pia haiwekwe chini. Siku ya Mungu, jumapili asubuhi, kila kitu yenye iko juu ya ile kiti inaenda kanisani. Bénite alisikia sauti ya mwanamuke, "niko na kitu ya Mukaka," akajua ni malimbuko. Na asubuhi akaibeba yote: maharagi, boga, na sachet ya manjano.

"Kosa yangu njo hii," Jokébed akasema, na sauti yake ikashuka. "Sikusema mie ni wa Fika. Sikusema koli inatoka kwa nani."

"Na yangu ni kutogeuka," Bénite akasema. "Lakini bukari haingojake."

"Kwa hiyo," Chef Kitsa akasema, "koli ya client wetu ilitolewa kwa Mungu."

"Na ibada ikiisha, banauzaka malimbuko ku mnada," Ézéchias akasema, akashika kichwa. "Iliuzwa! Ni nani aliinunua?"

"Aliinunua nani nini?" sauti ikauliza ku njia.

Ni Mukaka Jemima mwenyewe, anatoka ku shamba, jembe ku bega, sombe, majani ya muhogo, mu mukono. Akakaza macho sababu haoni muzuri, akasogea mpaka karibu, akagusa sura ya Ézéchias na vidole.

"Ni mutoto wangu," akasema. "Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Tunatafuta koli. Sachet ya manjano, baliiuza ku kanisa juzi."

Mukaka akaweka jembe chini, akacheka. Akacheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Ile sachet! Shemasi Kambere aliipandisha juu, akaitikisa, akasema, 'Bamama, hii imefungwa, na yenye ilifungwa kwa Mungu hatuifungui. Nani anaitaka?' Batu bote kimya. Mumoja akasema ni sabuni, mwingine akasema ni panya. Sasa, kitu ya avenue yangu ikose mwenye kuitaka, si ni haya? Mie njo mukubwa. Nikasema, natoa jogoo wangu! Kanisa yote ikapiga mikono. Mwenye kuinunua ni mie."

"Mama! Na iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Sikuifungua. Nilisema nitaifungua siku nitapata mugeni, tucheke pamoja. Bénite, ilete."

Bénite akaileta. Chef Kitsa akageuza fundo pande zote, akasema, "Ni fundo yetu. Haijaguswa." Akamupatia Jokébed. Na Jokébed akaipatia Mukaka, na mikono mbili.

Ndani kulikuwa boîte, ndani ya boîte kitambaa, na ndani ya kitambaa miwani. Mukaka alipopanda Butembo mu muezi wa saba, munganga wa macho alimupima, na Ézéchias aliagiza ile miwani bila kumuambia, ya kumushangaza. Mukaka akaivaa. Akatazama mikono yake, akatazama sombe. Kisha akachukua boîte, akasoma na kidole kama mutoto wa shule:

"Je... mi... ma. Bungulu. Jemima wa Bungulu!" Akainua macho. "Kumbe jina yangu ilikuwa juu yake! Nilijinunua mie mwenyewe na jogoo!"

Ananie alianguka ku majani na kucheka, kisha akamueleza yote, hata neno ya Ézéchias ju ya kiti. Lakini Mukaka sasa alikuwa anamutazama mutoto wake, na miwani, muda murefu.

"Ézéchias, umenenepa. Na umeota mvi. Nani aliniambia? Hakuna. Banasema ulisema hii kiti haiko ya kwetu. Iko hapa miaka mbili. Mbusa, fundi wa hapa karibu, aliitengeneza ju ya bageni. Ungalikuwa unakuja, ungaliijua."

Ézéchias akasimama. Nilisema ni mutu munene, mutu wa kravati, mutu mwenye batu ba Butembo banampisha njia. Akapangusa kiti na mukono wake, akaigeuza, akaiweka mbele ya Jokébed.

"Binti, nilikufanya mwizi mbele ya batu. Kaa hapa. Mie nitasimama."

"Papa, hapana..."

"Kaa!" Mukaka akasema. "Kiti ya mugeni haikataliwe."

Jokébed akakaa. Ananie akachukua simu. "Dada Kiti," akasema, na safari hii haikuwa kumucheka, "tazama hapa."

Ile foto iko mpaka leo ku mulango ya Fika, karibu ya kalendari, mahali pale alikuwa anaogopa. Mie mwenyewe niliiona. Anakaa kama bibi arusi, casque ku magoti, na Mukaka nyuma yake na miwani. Na sasa kila motard wa Fika anasema jina yake, anasema koli inatoka kwa nani, kisha anaomba kiti. Chef Kitsa njo aliamuru. Banamukumbusha, "Chef, si ulisema kiti haina adresi?" Anajibu, "Iko nayo. Mie njo sikuwa na miwani."

Ile siku, saa kumi ilikuwa imepita, hakuna mutu wa kuchukua barabara. Mukaka akasema hakuna mutu atatoka kwake na njaa, na Bénite akapiga bukari ya batu sita, safari hii akigeuka kila mara kuona nani anaingia. Bakala sombe, bakaimba wimbo moja, bakaomba. Ananie alilala wa kwanza, ku mukeka, kinywa wazi. Chef Kitsa akafuata, viatu vyake vimepangwa karibu ya kichwa. Bénite alilala na mutoto ku kifua. Ézéchias alilala mu chumba yake ya utoto, miguu inapita kitanda. Jokébed alikunja gilet yake ya manjano, akaiweka chini ya kichwa, na usingizi ukamuchukua mbele amalize kusema aksanti kwa Mungu.

Mukaka Jemima alibaki ku kiti ya bageni, taa ya jua mu mukono. Alisoma jina yake ku boîte mara ingine. Alisoma pakiti ya chumvi. Alisoma yenye iliandikwa ku gunia ya muchele. Kisha akafungua Zaburi, yenye miaka yote alikuwa anaimba na kichwa tu, akafuata mistari na kidole, polepole, mpaka kidole ikasimama, kidevu ikashuka, na akalala vile, miwani ku pua.